Taya lililogeuzwa: kisa cha mnyama wa tanga wa Prince Edward Island

Mfupa wenyewe ni kipande cha uso tu. Taya la upande mmoja na meno yake, mifupa kidogo ya puani, basi, vyote vimeganda kwenye jiwe jekundu. Hakuna mguu, hakuna mkia, hakuna hata pingili moja ya mgongo. Lakini hicho kipande kimezunguka kwenye mikono ya wanasayansi wazito kwa karibu miaka 170, kikaitwa dinosaria, kikavuliwa udinosaria, kikahamishiwa ukoo mwingine, ule wa mnyama mwenye tanga mgongoni anayeitwa Dimetrodon, na mwisho kikazua kesi ya jina ambayo ilibidi ipelekwe mbele ya tume ya kimataifa. Mimi nakipenda sana hiki kisa na nimekuwa nikitaka kukiandika kwa urefu kwa muda, manake ukikielewa hiki kimoja utaelewa jinsi viumbe vya kale vinavyopangwa kwenye koo zao kuliko ukikariri majina mia.

Tuanze na kisima. Mwaka 1845 mkulima mmoja wa Prince Edward Island, kisiwa kilichopo mashariki ya Kanada ambacho enzi hizo kilikuwa koloni la Uingereza, alikuwa anachimba kisima karibu na sehemu inayoitwa French River. Kile kisiwa kinajulikana kwa viazi na kwa udongo wake mwekundu, wekundu wa chuma kilichopata kutu ndani ya mchanga, na chini ya udongo kuna mawe mekundu vilevile. Humo ndani akakuta mfupa wenye meno. Angeweza kuutupa pembeni na kifusi kingine na sisi leo tusingekuwa na kitu cha kujadili, lakini aliutunza. Habari zikamfikia John William Dawson, mwanajiolojia wa Nova Scotia aliyekuwa anayajua sana mawe ya ukanda ule, na kupitia kwake mfupa ukaishia Philadelphia, Marekani, kwenye Academy of Natural Sciences, mezani kwa Joseph Leidy.

Leidy hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa bingwa wa anatomia, na ndiye huyohuyo aliyekuja kumtangaza dinosaria Hadrosaurus mwaka 1858. Mwaka 1853 akakipa kile kipande jina la Bathygnathus borealis na mwaka uliofuata yakatoka maelezo marefu zaidi. Jina limetoka kwenye Kigiriki na Kilatini, maana yake ni kama "taya lenye kina, la kaskazini". Na hapo kwenye neno "kina" ndipo kosa lilipojificha.

Angalia ilivyokuwa. Leidy aliamini ameshika taya la chini. Taya la chini la wanyama wengi walao nyama ni mfupa mrefu mwembamba wenye meno yaliyopangwa juu yake, sasa huu ulikuwa mpana kwenda chini kupita kiasi, kwa hiyo akaona hii ndiyo sifa kuu ya mnyama huyu, ana taya la kina cha ajabu, jina likatoka hapo. Kumbe ni taya la juu. Ligeuze meno yaangalie chini na ule upana unaacha kuwa wa ajabu, manake taya la juu linapanda lenyewe kwenye uso kuelekea puani na machoni, ni lazima liwe pana. Yaani lile jina zima limejengwa juu ya mfupa ulioshikwa kichwa chini.

Nimeona watu wakilisimulia hili kwa kumcheka Leidy na sikubaliani nao kabisa. Jiweke kwenye kiti chake. Neno dinosaria lenyewe lilitungwa na Richard Owen mwaka 1842, miaka 11 tu kabla. Mnyama mkubwa mla nyama wa kale aliyekuwa anajulikana vizuri kidogo ni Megalosaurus wa Uingereza, naye ana meno yaliyopinda kama kisu cha kuchunia, yenye kingo za msumeno. Leidy ana jino lililopinda, lina msumeno, linatoka kwenye jiwe jekundu. Afananishe na nini kingine? Dimetrodon alikuwa hajapewa jina mpaka mwaka 1878. Ndugu halisi wa ule mfupa walikuwa bado wamelala ardhini Texas na hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kwamba wanyama wa aina hiyo waliwahi kuwepo. Huwezi kumtambua mtu kwa sura ya ukoo wake kama hujawahi kuuona ukoo wenyewe. Kwangu mimi tatizo la Leidy halikuwa macho, alikosa cha kulinganishia.

Halafu kuna umri wa jiwe, na hapa kisa kinanoga. Mawe mekundu ya kile kisiwa yalidhaniwa ni ya kipindi cha Triasiki, kipindi ambacho dinosaria ndo wanaanza. Kwa hiyo mfupa ukitoka humo, dinosaria ni jibu la kawaida kabisa. Na mfupa ukishaitwa dinosaria, basi nao unageuka kuwa ushahidi kwamba mawe ni ya Triasiki. Mnaona mzunguko ulivyo? Jiwe linamthibitisha mnyama, mnyama anathibitisha jiwe, na wote wawili wamekosea. Mawe yale ni ya kipindi cha Permu, mwanzo mwanzo huko, karibu miaka milioni 280 na zaidi iliyopita. Dinosaria wa kwanza wanaojulikana vizuri wana kama miaka milioni 230. Kati yao kuna pengo la makumi ya milioni ya miaka na ndani ya hilo pengo kuna ule msiba mkubwa wa mwisho wa Permu, kutoweka kukubwa kuliko kote tunakokujua.

Kwa hiyo kwa miongo kadhaa huyu akahesabika dinosaria, na kama angebaki hivyo angekuwa ndiye dinosaria wa kwanza kupatikana Kanada. Heshima hiyo ikaja kuangukia mifupa ya magharibi ya nchi, na kwenye hiyo hadithi yumo George Mercer Dawson aliyeokota mifupa ya dinosaria mwaka 1874 sehemu ambayo leo ni Saskatchewan. Huyo ni mtoto wa Dawson yuleyule wa kisima. Baba alisaidia kuleta dinosaria ambaye hakuwa dinosaria, mtoto akaleta wa kweli.

Twende Texas sasa, manake bila Texas mfupa wa kisiwani usingefunguka. Miaka ya 1870 Edward Drinker Cope wa Philadelphia alikuwa anapokea mifupa kutoka kwenye mawe mekundu ya kaskazini ya Texas, na mwaka 1878 akatoa jina Dimetrodon, maana yake meno ya vipimo viwili. Jina hilo limekaa vizuri sana: mbele kuna meno makubwa kama chonge, nyuma yanafuata madogo, wakati mamba au kenge ukimfungua mdomo meno yake ni ya umbo moja moja hivi toka mwanzo mpaka mwisho. Mifupa ilipozidi kuja ikaonekana kwamba pingili za mgongo zina miiba mirefu iliyosimama wima, na miiba ikaunda tanga. Cope mwenyewe lile tanga lilimsumbua kichwa, mmoja wa jamaa za Dimetrodon, mla majani mwenye tanga ambaye miiba yake ina vijiti vya kukatiza pembeni, alimpa jina lenye maana ya mjusi meli. Leo huyo tunamweka chini ya Edaphosaurus. Mtu wa pwani ukimwonyesha picha atakwambia hilo ni tanga la jahazi kabla hujamweleza chochote.

Aliyeunganisha kisiwa na Texas ni Ermine Cowles Case, mwaka 1905. Huyu alikuwa ameshika mifupa ya wanyama wa tanga kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake, alipouangalia mfupa wa Leidy akasema huyu ni wa kundi la pelikosauri, yaani wale wa Texas, na mawe ya kisiwa ni ya Permu. Hapo makosa mawili yakaanguka kwa pamoja. Mfupa haukubadilika hata chembe toka 1853, kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mafuvu mengine ya kuweka pembeni yake. Baadaye, mwaka 1963, Wann Langston akaurudia akamweka kwenye familia ya sfenakodonti, ambayo ndo familia ya Dimetrodon mwenyewe, ila jina Bathygnathus likabaki kama jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, inayojitegemea kwa sababu kipande kilikuwa kidogo mno kumfunga mtu mkono.

Hapa nisimame kidogo, manake najua kuna msomaji bado anajiuliza sasa kama sio dinosaria ni nini. Weka vidole viwili kwenye panja lako, pembeni ya jicho, halafu uma meno. Kuna msuli unacheza. Huo msuli unateremka kupitia nafasi iliyopo kati ya fuvu na mfupa wa shavu, na hiyo nafasi ni urithi wa tundu moja lililokuwa nyuma ya jicho kwenye fuvu za wanyama wa kundi linaloitwa sinapsida. Dimetrodon analo tundu hilo, moja kila upande. Dinosaria, mamba na mijusi wanatoka kwenye ukoo ambao asili yake ni matundu mawili kila upande. Kwa hiyo ukipanga wote kwenye mti wa ukoo, Dimetrodon anakaa kwenye tawi letu, tawi la mbuzi na popo na tembo na binadamu, na tausi na mamba wanakaa tawi lile lingine na dinosaria. Vitabu vya zamani viliwaita hawa reptilia wanaofanana na mamalia na hilo jina bado linawapotosha watu, leo wataalamu hawawahesabu kama reptilia kabisa.

Lakini tusivuke mpaka tukasema ni babu yetu. Ni kama ndugu wa babu. Sfenakodonti wana jamaa wa karibu wanaoitwa terapsida, na mamalia wametokea ndani ya hao terapsida. Na hawa terapsida tunao hapahapa nyumbani, kwenye bonde la mto Ruhuhu, kule Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa, mawe ya mwisho wa Permu yametoa mifupa yao mingi, Parrington wa Cambridge alikusanya huko mwaka 1933 na wengine wakafuata. Wa tanga hawapo Ruhuhu, kule ni kizazi cha baadaye, lakini tundu la nyuma ya jicho ni lilelile. Mtu akitaja Tanzania na wanyama wa kale watu wote wanakimbilia Tendaguru, kule Lindi kwenye mifupa ya dinosaria, na Tendaguru ni fahari kweli, ila ukitafuta ndugu zetu wa damu nenda Ruhuhu. Na ili upate hisia ya muda: wale wa Tendaguru wana kama miaka milioni 150. Dimetrodon alikuwa ameshapotea zaidi ya miaka milioni 100 kabla yao. Hata Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na mimi na wewe tunaosoma hapa kuliko alivyo karibu na Dimetrodon. Kwa hiyo ile pakiti ya wanyama wa plastiki wanayouza mjini, yenye Dimetrodon katikati ya dinosaria, inamfundisha mtoto kosa lilelile la 1853, na mimi nikimpa mtoto zawadi hiyo huwa namtoa yule wa tanga namweka upande wa simba na ng'ombe, halafu nasubiri swali lije lenyewe.

Turudi kwenye mfupa. Mwaka 2014 Kirstin Brink na Robert Reisz walichapisha utafiti juu ya meno ya Dimetrodon wa Texas na jirani zake. Walikata meno wakayaangalia ndani, na wakakuta kwamba meno ya jenasi hii yalikuwa yanabadilika kadri muda unavyokwenda. Spishi ya mwanzo kama Dimetrodon milleri kingo za meno yake ni laini, hazina msumeno. Limbatus ana vijikunyanzi kwenye enameli tu, ngozi ya juu ya jino. Ukifika kwa grandis, aliyekuwa mkubwa na wa baadaye, unakuta msumeno wa kweli, kila kijino cha pembeni kina dentini yake, ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, ndani, ni silaha ya kukatia nyama ya mnyama mkubwa. Kwenye wanyama wa nchi kavu hilo ni moja ya mara za kwanza kabisa kuonekana, mbali sana kabla ya dinosaria walao nyama kuja kuwa na meno kama hayo kwa njia yao wenyewe. Na hilo linamsafisha Leidy zaidi, manake jino lililomfanya afikirie dinosaria kweli linafanana na la dinosaria. Koo mbili tofauti zimefika kwenye kisu kimoja.

Mwaka uliofuata, 2015, Brink, Reisz, Hillary Maddin na David Evans wakauchukua mfupa wa kisiwani wakaupitisha kwenye skana ya CT. Hii ndo sehemu ambayo Leidy na Case wasingeweza kuifanya hata wangekuwa na akili mara kumi. Sehemu ya mfupa imezama kwenye jiwe, na jiwe huwezi kulichonga hovyo kwa sababu ni kielelezo pekee, ukiharibu umemaliza. Skana ikaonyesha mizizi ya meno na mifupa iliyofichika, na meno yakaonekana yana msumeno wa kweli, ule wa aina ya grandis. Sphenacodon, jamaa wa karibu asiye na tanga, meno yake hayana hicho kitu. Walipoingiza sifa zote kwenye uchambuzi wa ukoo, mfupa ukaangukia katikati ya spishi za Dimetrodon, pembeni ya grandis. Ikawa Dimetrodon borealis, na Kanada ikapata Dimetrodon wake wa kwanza ambaye kumbe alikuwa kabatini Philadelphia muda wote, tena alichimbwa na kupewa jina kabla ya Dimetrodon mwingine yeyote wa Marekani.

Na hapohapo ndo matatizo ya jina yanaanza. Sheria za kuwapa wanyama majina zinasema jina la kwanza ndilo lenye haki. Bathygnathus ni 1853. Dimetrodon ni 1878. Kama hawa wawili ni jenasi moja, basi kwa sheria ilivyo Dimetrodon wote duniani, wa Texas, wa Oklahoma, yule mdogo wa Ujerumani anayeitwa teutonis, wote wageuke Bathygnathus. Yaani jina lililoko kwenye makumbusho yote, kwenye vitabu vya watoto, kwenye maelfu ya kurasa za utafiti, lifutwe kwa ajili ya jina lililotokana na mfupa ulioshikwa kichwa chini.

Kuna mlango wa kutokea ndani ya sheria, jina la zamani ambalo halijatumika kabisa kama jina halali baada ya mwaka 1899 linaweza kuwekwa pembeni bila kesi. Lakini mlango huo ulikuwa umefungwa, manake Case alilitumia 1905 na Langston 1963. Wale waliomrekebisha Leidy ndio walioliweka jina lake hai. Kwa hiyo ikabidi yaandikwe maombi kwa tume ya kimataifa ya majina ya wanyama, kwamba Dimetrodon lipewe kipaumbele juu ya Bathygnathus, na tume ikakubali. Kuna watu wanaona huu ni upendeleo, kwamba sheria ni sheria na Leidy alitangulia. Naelewa hoja yao, lakini mimi nipo upande wa tume kabisa. Jina ni chombo cha kuelewana. Heshima ya Leidy haijapotea, neno lake borealis limebaki na litabaki, na kila anayeliandika kikamilifu anaandika na jina lake.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wengi wakisoma habari hii hawalishiki. Ukitafuta picha ya Dimetrodon borealis utamwona amechorwa na tanga kubwa zuri, rangi tele, anatembea kwenye mto uliokauka. Tanga hilo hakuna mtu aliyeliona. Spishi hii inajulikana kwa kile kipande kimoja cha uso tu. Tanga limekuja kwa njia ya ukoo: meno yana msumeno wa kweli, hivyo ni Dimetrodon, na Dimetrodon wanaojulikana kwa mifupa ya mgongo wana tanga, hivyo naye anapewa. Angekuwa ni jamaa wa Sphenacodon mchoraji angemchora na mgongo wenye kinundu kifupi tu. Tofauti kati ya picha hizo mbili ni vijino vya kwenye ukingo wa jino ambavyo unahitaji lenzi kuviona. Naliamini hilo tanga, ushahidi wa ukoo ni mzuri, ila ni vizuri kujua limesimama juu ya nini.

Hata kwa wale wa Texas ambao tanga tunalo, kazi yake bado inabishaniwa. Wataalamu Romer na Price mwaka 1940 waliweka nguvu kwenye joto, mnyama anaota jua asubuhi damu ya kwenye tanga inapata moto, anawahi kuchangamka kabla ya mawindo yake. Wengine wanaona ni la kujionyesha, kwa sababu lilikua haraka kuliko mwili wenyewe ulivyokuwa unakua, kitu ambacho mara nyingi tunakiona kwenye mapembe na manyoya ya kutafutia mwenza. Na kuna miiba iliyovunjika ikapona, na mingine ncha zake zimepinda kwa namna inayoonyesha kwamba ngozi huenda haikufika mpaka juu kabisa, kwa hiyo hata umbo la tanga tunalolijua linaweza kuwa limechorwa kubwa kupita lilivyokuwa.

Ndo maana macho yangu yako kwenye kile kisiwa. Mawe yake mekundu yanaliwa na bahari kila mwaka, miamba ya ufukweni inabomoka na vipande vipya vinatokeza, na kinachotakiwa ni kitu kidogo tu: mwiba mmoja mrefu wa mgongo, ndani ya mawe yaleyale, ukiwa umeshikamana na pingili yake.